Nilivyoijengea pochi yangu ya Bitcoin nyumba, kwanza vibaya

Mei 2024 shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya mafuriko. Muhula ulisogezwa mbele wiki mbili, na kwa mzazi ambaye hajakamilisha karo hizo ni siku za kupumua. Ndani ya wiki hizo nilipoteza Bitcoin 0.0058, ambayo siku ile ilikuwa kama shilingi 49,000. Ilikuwa karo ya mwanangu na kodi ya nyumba ninayoishi Migosi, hapa Kisumu.

Kazi yangu ni kuandika sauti. Mteja hunitumia mahojiano yaliyorekodiwa, nami navaa visikizi, naweka mguu kwenye pedali ya kusimamisha na kurudisha sauti, naandika neno kwa neno. Mteja wangu mkubwa yuko Ujerumani na hulipa kwa Bitcoin. Najua wengi hapa na Nakuru na Kakamega wanaolipwa hivyo, na wengi wao wanaweka pochi, yaani programu ya kushikia na kutumia Bitcoin, kwenye laptopu ileile wanayofanyia kila kitu. Nilikuwa hivyo. Nawaandikia hao.

Kwa miezi kadhaa pesa zangu zilikaa kwenye akaunti ya soko la kubadilishia sarafu. Nikasoma kwamba sarafu zikiwa sokoni funguo, yaani siri zinazoruhusu kuzituma, ni za soko, si zako, nikaamua kujishikia mwenyewe. Nikaweka Electrum, ambayo ni programu ya pochi ya Bitcoin, kwenye laptopu, nikafungua pochi mpya, nikanakili anwani ya kupokelea, nikaibandika kwenye ukurasa wa soko. Kabla ya kutuma nikakagua herufi za mwanzo. Kwenye pochi, bc1q. Kwenye ukurasa, bc1q. Nikatuma.

Anwani za aina ile zote huanza na bc1q. Kukagua herufi hizo nne ni kama kukagua namba ya simu kwa kutazama 07. Sikulijua hilo. Nilingoja saa nzima nikiamini mtandao uko polepole, nikapika, nikarudi, pochi bado ni sifuri. Nilipofungua ukurasa unaoonyesha miamala ya Bitcoin, niliona pesa zimefika na zimethibitishwa, ila ziko kwenye anwani nisiyoifahamu. Nikachukua kalamu, nikaandika anwani yangu na ile nyingine, moja juu ya nyingine. Herufi 42 kila moja. Baada ya bc1q hazikufanana kabisa.

Ndani ya laptopu kulikuwa na programu hasidi inayovizia ubao wa kunakili, yaani mahali kompyuta inapokishika ulichonakili mpaka ukibandike. Ikiona umenakili kitu chenye umbo la anwani ya Bitcoin, inaweka anwani ya mwizi mahali pake kabla hujabandika. Haivunji neno la siri, haionyeshi dalili yoyote, laptopu haiwi nzito. Siwezi kuapa iliingia kwa njia gani, lakini laptopu ile niliinunua ikiwa imetumika, nikawekewa programu za ofisi zisizo na leseni, zilizoamshwa kwa kijiprogramu kinachodanganya ukaguzi. Niliona kinga ya virusi imezimwa na nikaelezwa kwamba ikiwashwa, kijiprogramu hicho hakitafanya kazi. Nilikubali kwa sababu kazi ya mteja ilikuwa inangoja.

Nilikwenda polisi, nikaandikisha, nikapewa namba ya OB. Hilo lifanye, kwa ajili ya kumbukumbu. Lakini muamala wa Bitcoin ukishathibitishwa hauna mtu wa kupigiwa simu aurudishe, kama tulivyozoea tukikosea namba ya M-Pesa. Na hapo nikafanya kosa ambalo bado linaniuma kuliko lile la kwanza: niliandika habari zangu hadharani, na usiku uleule akanitafuta mtu mpole sana, aliyesema anafuatilia sarafu zilizoibwa. Alitaka ada ya kuanzia, shilingi 4,500. Nilituma. Nilikuwa sijalala siku mbili. Ukiibiwa, watakufuata wa namna hiyo, tena watajua kiasi ulichopoteza na watakuita dada. Usitume hata shilingi moja.

Wiki iliyofuata nilisoma kuhusu mashine pepe, yaani kompyuta nzima inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako, yenye mfumo wake, diski yake na madirisha yake. Nikapakua VirtualBox, ambayo ni ya bure, nikaingia kwenye mipangilio ya kuwashia laptopu nikaruhusu uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe (usipouruhusu, mashine itagoma au itatambaa), nikaweka ndani Linux, mfumo wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, nikaweka Electrum ndani ya Linux. Nje ilibaki Windows ileile. Nilijiona nimejenga ngome. Kwa kuwa kuandika anwani kwa mkono kulinichosha, nikawasha ubao wa kunakili wa pamoja, pande zote mbili, ili ninachonakili nje kibandikwe ndani.

Nilikaa hivyo karibu wiki tatu, na nikapokea malipo mawili humo. Kwamba hayakuibwa ni bahati.

Aliyenizindua ni binamu yangu anayesomea kompyuta Maseno. Alikuja Jumapili, nikamwonyesha kwa fahari. Alitazama kimya, kisha akauliza, "Dadangu, hapa mwenyeji ni nani na mgeni ni nani?"

Katika lugha ya mashine pepe, kompyuta ya nje huitwa mwenyeji na ile ya ndani huitwa mgeni. Nikamjibu, mwenyeji ni Windows. Akaniomba ruhusa, akaandika kijiprogramu kifupi upande wa Windows cha kuweka kumbukumbu ya kila kitufe kinachobonyezwa, akakiwasha, akaniambia niingie ndani ya mashine pepe niandike chochote. Niliandika jina la mwanangu. Akafungua faili upande wa Windows, na jina la mwanangu lilikuwa limekaa pale, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo maelezo mengi niliyosoma yalilipita haraka. Mashine pepe humkinga mwenyeji dhidi ya mgeni. Haimkingi mgeni dhidi ya mwenyeji. Kibodi ni ya mwenyeji, skrini ni ya mwenyeji, kumbukumbu ni ya mwenyeji, na diski ya mgeni ni faili tu iliyolala kwenye diski ya mwenyeji, inayoweza kunakiliwa kama wimbo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nimempeleka mgeni kulala kwenye nyumba ya mgonjwa, nikafunga mlango wa chumba cha mgeni, nikasema yuko salama. Na kwa ule ubao wa pamoja, hata mlango wenyewe nilikuwa nimeuacha wazi, kwa sababu mwizi yuleyule wa ubao wa kunakili angeweza kubadilisha anwani ikiwa njiani kutoka nje kuingia ndani.

Kwa hiyo tulipindua mpango mzima. Kinachoweza kuugua ndicho kiwe mgeni, na mwenyeji awe mtu asiyetoka nyumbani.

Sikuifomati diski ya zamani, niliitoa. Nilinunua diski mpya ya SSD kwa shilingi 3,200 na kipande cha kumbukumbu ya RAM kwa 3,800, laptopu ikatoka gigabaiti 8 ikafika 16. Kama pesa ni za kununua kimoja tu, nunua RAM, kwa maana mashine pepe mbili zikiwa wazi pamoja kwenye gigabaiti 8 utakaa ukitazama kishale kinazunguka. Tukaweka Linux kama mwenyeji, na wakati wa kuiweka tukachagua diski yote ifungwe kwa neno la siri, ili laptopu ikiibwa kwenye matatu mwizi apate chuma tu. Juu ya mwenyeji huyu hakuna kivinjari ninachotumia, hakuna barua pepe, hakuna faili la mteja. Kazi yake ni kuendesha VirtualBox na kupokea masasisho. Masasisho usiyaahirishe, kwa kuwa mara chache hupatikana ufa kwenye VirtualBox yenyewe, ambao mgeni mbaya anaweza kuupenya akatoka nje.

Ndani yake wako wageni watatu. Wa kwanza nimemwita Kazi: ndiye mwenye kivinjari, faili za wateja, visikizi na pedali. Huyu namchukulia kana kwamba tayari ameambukizwa. Wa pili ni Dirisha: ana Electrum, lakini pochi yake ni ya kutazama tu. Nimempa ufunguo mkuu wa umma, anaona salio, anatoa anwani mpya za kupokelea, na hawezi kutuma hata senti. Wa tatu ni Sanduku. Yeye ndiye mwenye funguo za siri, na kadi yake ya mtandao nimeiondoa kabisa kwenye mipangilio. Ninapotaka kutuma, naandaa muamala kwenye Dirisha, nauhifadhi kama faili, naipeleka Sanduku kwa flashi ambayo haina kazi nyingine, nasaini humo, yaani nauidhinisha kwa funguo za siri, narudisha faili iliyosainiwa, Dirisha analituma mtandaoni. Inachukua kama dakika kumi. Kabla ya kusaini nasoma anwani yote kwenye skrini ya Sanduku, si kwenye Dirisha.

Kwa wageni wote watatu, ubao wa pamoja umezimwa, kuburuta faili kumezimwa, folda za pamoja hakuna. Kwenye VirtualBox hivi huja vikiwa vimezimwa. Ni sisi tunaoviwasha kwa uvivu, kama nilivyofanya.

Binamu yangu alitaka tutumie Qubes badala ya haya yote. Qubes ni mfumo uliojengwa tangu mwanzo kwa wazo hili, juu ya teknolojia iitwayo Xen, na sehemu yake ya juu inayotawala mengine haina mtandao kabisa. Tuliijaribu siku mbili. Ni bora kuliko mpangilio wangu, na kama kazi yako ni ya kuandika na kusoma tu, na laptopu yako ina gigabaiti 16, anza nayo. Mimi ilinishinda kwa pedali: vifaa vya USB hutengwa kwenye chumba chao kwa sababu nzuri za usalama, na sikuweza kuifanya pedali yangu itii bila kukwamakwama. Pedali ndiyo inayonilisha.

Kuna jambo la kupakua Electrum ambalo nataka kulisisitiza. Desemba 2018 wezi waliendesha seva nyingi za Electrum, yaani kompyuta za mtandaoni ambazo pochi hizo huwasiliana nazo, na mtumiaji akijaribu kutuma pesa alionyeshwa ujumbe ndani ya programu yake halisi, ukimwambia apakue toleo jipya. Toleo lile lilikuwa la wizi. Watu makini walipoteza pesa kwa kutii programu waliyoiamini. Ndiyo maana napakua kutoka tovuti rasmi pekee, na faili nalo nalikagua kwa saini ya kidijitali ya watengenezaji, inayoonyesha kwamba ni lao na halijabadilishwa, kabla ya kulifungua. Mara ya kwanza hatua hii ilinichukua jioni nzima na nilitaka kuiruka. Sasa ni amri moja tu, dakika mbili.

Ila kosa langu jingine lilihusu karatasi.

Unapofungua pochi unapewa maneno 12 ya Kiingereza. Hutoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048, na maneno hayo kwa mpangilio wake ndiyo pochi yenyewe. Laptopu ikiungua, ukiwa na maneno hayo unarudisha kila kitu kwenye kompyuta nyingine yoyote. Mtu akiyaona, pesa ni zake. Niliyaandika kwenye daftari kwa haraka, na sikuyajaribu.

Agosti stima ilipotea jioni nikiwa na mashine mbili wazi. Betri ya laptopu yangu haikai dakika tano. Stima iliporudi, Sanduku halikuwaka. Nikajaribu mara nne. Sikushtuka, nikasema nina maneno yangu. Nikaunda mgeni mpya asiye na mtandao, nikafungua daftari, nikaingiza maneno, na Electrum ikakataa kuendelea. Nikarudia. Ikakataa.

Moyo wangu ulifanya kitu ambacho sijui nikielezeje. Nilikaa sakafuni jikoni. Mwanangu aliuliza kama naumwa.

Maneno ya pochi yana hesabu ndani yake ya kujikagua, hivyo neno moja likikosewa programu hugundua, lakini haikuambii ni lipi. Nilitazama mwandiko wangu upya, neno kwa neno, nikitafuta ni wapi k inaweza kuwa g, ni wapi n inaweza kuwa r. Kwenye orodha ile mna maneno kama angle na ankle, yanayotofautiana kwa herufi moja, na ukiandika mbiombio hutayatofautisha. (Hayo si maneno yangu, na usimtajie mtu hata neno moja la kwako, hata kwa mfano.) Saa mbili baadaye nililipata. Salio likatokea. Sikulala usiku ule pia, ila kwa sababu tofauti.

Tangu hapo, pochi yoyote mpya naifungua, naandika maneno kwa herufi kubwa, naifuta, naiunda upya kutoka kwenye karatasi, na hapo tu ndipo naingiza pesa.

Kuhusu pa kuyaweka: nilifikiria kwanza nyumbani kwa mama, Ahero. Lakini ule mwaka maji ya mto Nyando yalikuwa yamefika hadi kwenye droo ya kabati lake, na vyeti vya shule vya ndugu zangu tulivianika juani kama omena. Karatasi haiwezi kustahimili maji. Jirani alinishauri nikaifunikie plastiki kwenye saiba. Usifanye hivyo, wala usiyapige picha kwa simu, wala usiyatoe nakala dukani: mashine nyingi za kutoa nakala zina diski ndani, simu hupeleka picha mtandaoni bila kukuuliza, na mhudumu ana macho. Nilinunua katika soko la Kibuye vipande viwili vya chuma kisichoshika kutu na seti ya patasi za kugongea herufi, jumla shilingi 2,100, nikagonga mwenyewe sebuleni mchana wakati majirani wako kazini. Si lazima ugonge neno zima. Katika orodha ile, herufi nne za mwanzo zinatosha kutambua neno lolote. Vipande viko mahali pawili tofauti na sitapataja. Kila kimoja kina maneno yote 12. Nilishawishika kuyagawa nusu kwa nusu, kisha nikaona kwamba nikipoteza kimoja nimepoteza vyote.

Na zile nakala za hali ambazo VirtualBox hukuruhusu kuhifadhi, ili mashine ikiharibika uirudishe ilivyokuwa jana? Kwa Kazi nazitumia kila wiki, ni neema kubwa: akiugua namrudisha alivyokuwa Jumatatu. Kwa Sanduku, sizichukui kamwe mashine ikiwa wazi, kwa sababu nakala hiyo hubeba kilichomo kwenye kumbukumbu wakati ule, na kama pochi imefunguliwa, siri iko humo, imelala kwenye diski hata baada ya kufunga.

Kwa gharama, ukiacha zilizoibwa, nilitumia 3,200 za diski, 3,800 za RAM, 1,400 za flashi mbili na 2,100 za chuma, yaani 10,500. Flashi ya pili hubeba nakala ya mashine Kazi, si kitu kingine. Kifaa maalumu cha kuhifadhia funguo, kama Trezor au Ledger, sikukinunua wakati ule, ila nasema wazi kwamba siku akiba yangu ikizidi mapato ya miezi mitatu nitakinunua. Sanduku langu halina mtandao, lakini bado linakaa kwenye laptopu yenye mtandao, na linategemea uaminifu wa mwenyeji mmoja. Kwa mapato ya mwezi, kwangu inatosha. Kwa akiba ya kujengea nyumba, haitoshi.

Watu huniuliza kama sheria mpya haitatusaidia. Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali pepe, yaani mali za kidijitali kama Bitcoin, na nimeifurahia kwa ajili ya wanaoacha pesa sokoni. Lakini inahusu kampuni zinazoshika sarafu za watu. Pochi iliyo kwenye meza yangu haimo humo.

Desemba iliyopita binamu yangu alikuwa likizoni, nikamwomba tufanye zoezi. Niliwasha mgeni mpya kabisa asiye na mtandao, nikaleta kipande kimoja cha chuma, nikaingiza maneno mwenyewe yeye akiwa ametazama ukutani. Electrum ikakubali mara ya kwanza. Ikatoa anwani ya kwanza ya pochi, ambayo nilikuwa nimeiandika nyuma ya daftari siku nilipoifungua. Nikamwambia sasa geuka, soma. Akasoma kutoka kwenye skrini, herufi moja moja, nami nikaweka alama kwa kalamu kwenye daftari, mpaka ya arobaini na mbili. Kisha tukamfuta yule mgeni na diski yake, nikakirudisha chuma kilipotoka.